IVF (mimba ya maabara) mbili zimefeli, naambiwa kinga ya mwili ndio inafukuza mimba, ni kweli jamani?

Mamasubira: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 34, nimepandikizwa mara mbili, viinitete (mayai yaliyorutubishwa) vya siku ya tano, daktari mwenyewe alivisifia. Cha kwanza hakikushika kabisa, cha pili kipimo kikatoa mstari hafiiifu kama wa penseli, siku nne baadae haupo. Sasa wamenipima damu wanasema seli za NK (natural killer, yaani "seli za kuua" za kinga ya mwili) ziko juu, eti mwili unamuona mtoto mgeni unampiga, nitumie predinisoloni (vidonge vya kutuliza kinga) na dripu ya mafuta kabla ya raundi ya tatu. Mume anataka tulipe leo leo. Mimi roho inasita. Nani kapitia?

Dadamkubwa: Pole mdogo wangu. Hiyo dripu nimetundikiwa, nyeupe kama maziwa, nikaiangalia ikidondoka nikijua ndo mtoto huyo anakuja. Wapi. Raundi iliyofuata sikutumia kitu na ikashika, sasa ana meno mawili ananing'ata. Sisemi ndio sababu, nasema tu yalinikuta.

Mkunga_mstaafu: Binti, hilo jina "seli za kuua" limeponza wengi. NK za damu ya mkononi na za kwenye ukuta wa kizazi ni ndugu ila kazi tofauti, za kizazini zinasaidia kutanua mishipa ili kondo lipate damu. Ukipima mkono hujajua ya kizazini. Na predinisoni, ambayo mwilini hugeuka predinisoloni, ilishajaribiwa China, majibu yakatoka 2023, wanawake zaidi ya 700 waliofeli kama wewe, wengine miligramu 10 kwa siku wengine vidonge hewa, waliojifungua ni kama 38 kwa 100 pande zote, tena wa predinisoni ndio walizidi kuzaa njiti.

Jembe: Biashara tu hiyo.

Mamasubira: Kwahiyo kinga haihusiki kabisa bibi?

Mkunga_mstaafu: Inahusika, ila si kila mtu. Kuna kingamwili za antifosfolipidi, zinagandisha damu, hasa kwa wanaoharibu mimba mara kwa mara. Wanapima aina tatu, ikitoka chanya wanarudia baada ya wiki 12, ikithibitika ni aspirini kidogo na sindano za heparini, hapo tiba ipo. Pima na tezi ya shingo. Ila kiinitete kizuri kwa macho kinaweza kuwa na kromosomu (vibeba urithi) zilizozidi au kupungua, na hicho hakuna dripu ya kukishikiza. Muulize daktari, hizo NK zingekuwa chini usingenipa dripu?

Mamasubira: Nimerudi. Nimemuuliza, akacheka, akasema wengi huwa tunawapa tu. Nimeomba vipimo vya kuganda damu na tezi kwanza, dripu nimekataa. Mume kanuna, anasema nachelewesha mtoto.

Dadamkubwa: Muache anune, mwambie hata hizo wiki 12 ni kama ikitoka chanya tu. Kipimo lini?

Mamasubira: Jumatatu.