Kaunti haina uwanja wa kuuza, na nyinyi mnaonunua acheni kujifanya hamjui

Jameni, huu upuuzi umezidi. Kwenye ramani ya mtaa pameandikwa "eneo wazi", watoto wanacheza mpira hapo tangu mtaa ugawanywe, halafu siku moja mabati yanazungushwa na mlinzi anasema mwenye ploti ana hati miliki. Aliuziwa na nani?

Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya haina utata: ardhi hiyo ni ya umma, kaunti imewashikia wakazi tu, na msimamizi ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Hata Tume ikitaka kugawa ardhi ya umma, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaidai itoe ilani siku zisizopungua 30 kabla. Nani hapa amewahi kuona ilani ya uwanja wa mtaani kwake?

Wizi wenyewe una njia mbili. Mwenye shamba akikata ploti, hutakiwa kusalimisha barabara na eneo wazi kwa kaunti, bure. Mpango unaidhinishwa, ploti zinauzwa, lakini kule kusalimisha hakuandikishwi popote. Miaka inapita, mtu anafufua faili na kukata hati ya "ploti iliyobaki".

Njia ya pili ni barua ya mgao, yaani barua ya serikali ya kumpa mtu ploti. Hapo soma tarehe! Mpango wa eneo ndio hutangulia na kuidhinishwa, ndipo barua itolewe, mgawiwa akubali na kulipa, mpimaji aingie, ramani ya hati itoke, na mwisho hati yenyewe. Ukikuta barua ni ya Machi na mpango uliidhinishwa Septemba, au haupo kabisa, hati hiyo imezaliwa bila mama.

Msituambie eti "tulifanya sachi ikawa safi", yaani mlikagua rejista ya ardhi kabla ya kununua. Sachi inakuonyesha jina lililo kwenye rejista leo, basi. Haikuambii liliingiaje. Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo Aprili 2023, kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa: kiwanja cha Nyali kilichokuwa eneo wazi, hati ilishabadilisha mikono, mnunuzi akajitetea kwamba alinunua kwa nia njema. Akashindwa. Mgao wa kwanza ulikuwa mbovu, kwa hiyo waliofuata walinunua hewa. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaruhusu kupinga hati iliyopatikana kinyume cha sheria au bila utaratibu, na Ibara ya 40(6) ya Katiba inasema ulinzi wa mali haufikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Wakazi nao! Mnangoja ukuta ufike linta ndipo mkimbilie redioni. Mabati yakionekana tu, piga picha za bikoni, yale mawe ya mipaka ya mpimaji. Tafuteni ramani ya upimaji kule Ruaraka, Nairobi, kwenye ofisi za upimaji wa ardhi za serikali. Iandikieni kaunti chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mtaje karatasi kwa majina: mpango ulioidhinishwa, barua ya mgao, risiti ya malipo. Mkiomba "maelezo kuhusu uwanja" mtajibiwa hewa. Wana siku 21 za kujibu, lakini msizimalize mkiwa mmekaa. Wiki hiyohiyo mwombeni msajili wa ardhi aweke kizuizi kwenye rejista ili ploti isiuzwe tena, kisha nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi mkaombe amri ya kusimamisha ujenzi. Ibara ya 70 ya Katiba, ile ya kutetea haki ya mazingira mahakamani, haikudai uthibitishe kwamba kuna mtu amepata hasara, kwa hiyo asiwatishe wakili wa bwenyenye kwa swali la "wewe umeumia wapi?"

Na zile leseni za muda za kioski na kuosha magari pembeni ya uwanja, zipingeni mapema. Leseni haimpi mtu ardhi, lakini ikisharefushwa mara tatu nne, utasikia "huyu yuko hapa miaka mingi". Miaka hiyo si kitu: ardhi ya umma haipatikani kwa kuikalia.

Kuna wanaosema kwamba uwanja ulikuwa umejaa taka, ndiyo maana ukauzwa. Kuzoa taka ni kazi ya kaunti hiyohiyo.