Msimamizi kaandika "Kwa hiyo?" pembeni mwa p yangu. Nimjibu nini?

Mwaka_wa_Mwisho

Habarini wakuu. Nasoma saikolojia, niko kwenye sura ya matokeo ya tasnifu. Nilikuwa na makundi mawili ya wanafunzi, 40 kila moja, niliowagawa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza liliandika kila jioni mambo yaliyowasumbua, kwa wiki mbili. La pili halikuandika. Baadaye wote walijaza hojaji ya wasiwasi yenye maswali 21, alama kuanzia 0 hadi 63. Walioandika walipata wastani wa 15.1, wasioandika 18.4, na mkengeuko sanifu (kipimo cha alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni kama 7 pande zote mbili. Jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili, limetoa p = 0.038.

Mwenzangu anasema maana yake ni kwamba uwezekano wa matokeo haya kuwa ya bahati tu ni asilimia 3.8, kwa hiyo tuna uhakika wa asilimia 96.2. Msimamizi yeye kaipigia mstari hiyo p na kuandika pembeni: "Kwa hiyo?" Kitabu cha kozi kinaishia kwenye "ikiwa chini ya 0.05, kataa nadharia tete", yaani ile dhana kwamba hakuna tofauti. Anataka niseme nini zaidi?

Bi_Mkufunzi

Mdogo wangu, una bahati ya kuwa na msimamizi anayeuliza hivyo. Nimefundisha takwimu kwa wanasaikolojia miaka mingi, na hapa ndipo ninapoumia kuona vijana werevu wakiachwa na kanuni moja ya kukariri.

Tuanze na mwenzako, maana anachosema kinasemwa kila mahali na si kweli. Chukulia kuandika hakusaidii kitu. Ukiurudia utafiti wako mara nyingi sana, kila mara na watu wapya, takriban mara 38 katika kila 1,000 utapata tofauti kubwa kama yako au kubwa zaidi, upande wowote ule. Hiyo ndiyo p, na haina zaidi ya hapo. Imehesabiwa kwa kuchukulia kwamba hakuna athari, sasa itawezaje kukuambia uwezekano wa hilo lenyewe kuwa kweli?

Tazama kwa hesabu. Watafiti wanapima mawazo 1,000, na katika hayo 100 tu ndiyo ya kweli. Sampuli zao ni ndogo, kwa hiyo wazo la kweli hugunduliwa nusu ya wakati: 50. Yale 900 yasiyo ya kweli, asilimia 5 yatapita chini ya 0.05 kwa bahati: 45. Waliofurahia p ndogo ni 95, na 45 kati yao wameshika hewa. Ni karibu nusu, si asilimia 5! Kila kitu kinategemea wazo lilikuwa na mashiko kiasi gani kabla ya kupimwa, na p haijui habari hiyo.

Ndiyo maana sichoki kuwatajia wanafunzi ule mradi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, ambapo tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo muhimu kitakwimu, yaani p chini ya 0.05. Ziliporudiwa, ni asilimia 36. Hiyo ni fani yetu sisi, na sura yako ya matokeo ni sehemu yake.

Sasa "Kwa hiyo?" ya msimamizi. Nadhani anauliza: tofauti ni kubwa kiasi gani? Alama zako zimetofautiana kwa 3.3. Gawanya kwa ule mkengeuko sanifu wa 7, unapata d = 0.47; d ni ukubwa wa tofauti ukipimwa kwa mkengeuko sanifu. Jacob Cohen, mwanasaikolojia na mwanatakwimu, alipendekeza 0.2 iitwe ndogo, 0.5 ya kati na 0.8 kubwa, lakini yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba viwango hivyo ni vya kushikilia pale tu usipokuwa na kitu bora cha kulinganisha. Mimi napenda kuiweka hivi: ukichagua mtu mmoja aliyeandika na mmoja asiyeandika bila kuangalia, na alama zikitawanyika kwa umbo la kengele, mara 63 hivi katika 100 aliyeandika atakuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Bila athari yoyote ingekuwa 50. Hapo msomaji anaona kitu.

Halafu mipaka ya asilimia 95 ya hiyo tofauti ya 3.3: inaanzia kama 0.2 hadi 6.4. Iandike, usiifiche. Data zako zinakubaliana na faida ya alama sita, na zinakubaliana pia na faida ambayo hakuna mtu angeihisi.

Nukta_Desimali

Bi Mkufunzi kamaliza karibu yote. Naongeza moja: kwenye jedwali andika wazi kama ± yako ni mkengeuko sanifu au kosa sanifu. Ile 7 inaeleza watu walivyotawanyika. Kosa sanifu ni 7 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 40, yaani 1.1, na linaeleza wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kutoka sampuli hadi sampuli. Watu wengi huchora lile dogo ili grafu ipendeze, na msomaji anadhani washiriki walifanana sana.

Je, ulipima pia sehemu ndogo za hojaji, moja moja?

Mwaka_wa_Mwisho

Ahsanteni sana, nimeelewa kuliko muhula mzima. Ndiyo, sehemu nne, na moja imetoa p = 0.02. Naweza kuitaja?

Bi_Mkufunzi

Itaje, lakini pamoja na zile tatu nyingine, na useme kama uliipanga kabla ya kuona data. Kama hukuipanga, iite dokezo la utafiti ujao. Majaribio manne yasiyotegemeana, bila athari yoyote ya kweli, yana uwezekano wa karibu asilimia 19 wa kutoa angalau p moja chini ya 0.05. Sehemu za hojaji moja huhusiana, kwa hiyo kwako ni pungufu kidogo ya hapo, ila hatari ni ile ile.

Na sentensi yako kuu iwe hivi: "Walioandika walikuwa na alama za wasiwasi chini kwa 3.3 (mipaka ya asilimia 95: 0.2 hadi 6.4), d = 0.47, t(78) = 2.11, p = 0.038." Hiyo 78 ni digrii huru: washiriki 80 toa makundi 2. Tofauti itangulie, p ikae mwisho.