Tupeane uzoefu: siku ulofungua tena baada ya lokdauni ya korona, ilikuaje?

Mama Mahamri (Mombasa)
Wadau mko? Leo nikipanga stoo nimekuta ubao wangu wa 2020, HAKUNA BARAKOA HAKUNA HUDUMA, nikacheka peke yangu. Nilikua na hoteli ndogo Old Town, mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni. Mei ile wakatufungia sisi na Eastleigh kule Nairobi, hakuna kuingia hakuna kutoka, mpaka Juni. Kufunga ni kuteremsha shata tu bwana, kufungua ndo kazi! Afisa wa afya kaja na futi, mita moja na nusu baina ya watu, nikabaki na meza 3 kati ya 8 na gesi ni ileile na mafuta ni yaleyale. Wiki ya pili nikaona hapa nalisha hasara, nikahamia dirishani, mtu aagiza kwa simu, alipa M-Pesa (kutuma chini ya elfu kulikua bure wakati ule, mwakumbuka?), achukua mfuko wake aende. Wazee wa kahawa tu ndo walinishinda. Wamezoea kunong'onezana, sasa kila mmoja na kiti chake mbali, umbea wa mtaa mzima ukawa watangazwa kwa sauti, mpaka mie niloko jikoni nikajua nani kaposa wapi.

Haya nanyi?

Konda Mstaafu (Nairobi)
Sisi wa matatu hatukufungwa ila tulikatwa miguu. Gari ya 14 inabeba 8! Fare ikapanda na matusi yote yakaniangukia mimi, kwani mimi ndio nilileta korona? Asubuhi niko strict, sanitaiza mlangoni, viti vimepigwa X, lakini ikikaribia kafyu saa tatu usiku unakuta mama na mtoto stage hakuna gari ingine, utamwacha? Nilibeba, na karao nikawapatia chao, siwezi danganya hapa. Viti vyote tulirudishiwa Agosti 2021.

Msusi (Kisumu)
Kusuka huwezi kusuka ukiwa mita moja na nusu 😂 nikaamua mteja mmoja kwa saa, wengine wangoje nyumbani niwapigie. Mpaka leo nafanya hivyo, sitaki tena benchi la watu kumi wananikodolea.

Mlinda Mlango (Malindi)
Yangu si biashara lakini naileta. Misikiti ilipofunguliwa Julai 2020 masharti yalikua watu 100, ibada saa moja, asiingie wa chini ya miaka 13 wala wa zaidi ya 58. Mimi nikawekwa mlangoni. Mazulia tumetoa, tumebandika tepu sakafuni, kila mtu na mswala wake, udhu atie kwao. Ijumaa ya kwanza wa mbele kwenye foleni ni babaangu, miaka 67, kanzu imepigwa pasi, katia udi. Nikamwambia baba rudi. Akaniangalia, akasema "Alhamdu nilikufunza mimi, leo wanizuia?" akageuka bila neno jingine. Sikumfata, foleni ilikua ndefu. Jioni nikapeleka tende, akala, hatukuizungumza. Mpaka sasa hatujaizungumza.

Mama Mahamri (Mombasa)
Wallahi umeniliza kakangu. Nami babaangu alisali ukumbini muda wote ule, redio kaweka pembeni.

Mpiga Gitaa (Kampala)
Nyie mlibahatika. Huku baa na muziki wa usiku vilifunguliwa Januari 2022, hesabuni wenyewe kutoka Machi 2020. Gitaa nililiuza mwezi wa tano nikaanza kuuza nyanya, na baa zilipofunguliwa sina gitaa, nikaazima la mwanafunzi wangu wa zamani. Vidole vilikuwa vimelainika, wimbo wa tatu vinatoka damu na watu wanacheza hawaoni.

Konda Mstaafu (Nairobi)
Mama Mahamri na ile bunduki ya kupima joto ulikua nayo?

Mama Mahamri (Mombasa)
Nlikua nayo, bei yake siitaji mume wangu yumo humu. Kila mteja ilisema 33, kwa hio mwaka mzima nimeuzia maiti viazi.