Tuanzie wapi kupanga njia za baiskeli katika mji mdogo?

Mleta mada

Wadau, salamu. Nimo katika kamati ya wakazi iliyoombwa kutoa maoni juu ya mpango wa njia za baiskeli wa mji mdogo, ambao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine hauzidi kilomita sita. Rasimu tuliyopewa inapeleka fedha zote za awamu ya kwanza kwenye barabara kuu: njia ya kupakwa rangi kila upande, yenye upana wa mita 1.2, ikipita kati ya magari yanayotembea na yaliyoegeshwa, na ikikatika kabla ya kila makutano makubwa ili magari yasipunguziwe nafasi. Baadhi yetu tunaona ni heri kutumia mitaa ya ndani, ilhali wengine wanasema huko ni kuwaficha waendesha baiskeli vichochoroni. Naomba mawazo ya wenye ujuzi: kipi kitangulie?

Fundi wa Barabara

Kabla hamjabishana juu ya barabara kuu na vichochoro, itazameni hiyo sehemu inayokatika. Njia inayomsindikiza mtu pale pasipo na hatari kubwa, kisha ikamwacha makutanoni ajipenyeze mwenyewe kati ya lori na ukingo wa barabara, imemtupa mahali alipoihitaji zaidi, kwa sababu ajali nyingi za mjini kati ya gari na baiskeli hutokea kwenye makutano, hasa dereva anapokata kona na kumkatiza mwenye baiskeli anayekwenda moja kwa moja. Hapo ndipo fedha ziende. Kona ikibanwa, dereva hulazimika kupunguza mwendo. Kivuko kikiinuliwa kufikia usawa wa njia ya miguu, gari ndilo linalopanda tuta. Na maegesho yakipigwa marufuku karibu na kona, kila mmoja humwona mwenzake mapema. Mstari wa kusimamia magari nao urudishwe nyuma mita kadhaa, ili waendesha baiskeli wasubiri taa mbele, mahali dereva wa lori anapoweza kuwaona.

La pili ni huo upana. Mlango wa gari ukifunguliwa wote hula karibu mita moja, na mwendesha baiskeli naye huhitaji kama mita moja, kwa kuwa hakuna anayekwenda bila kuyumba hata kidogo. Kwa hiyo mita 1.2 kando ya magari yaliyoegeshwa ni kumchorea mtu mahali pa kugongwa na mlango. Badilisheni mpangilio: njia ikae kando ya ukingo, kisha nafasi tupu ya kufungulia milango, kisha maegesho, ndipo magari yanayotembea. Bila hayo, rasimu yenu ni kupaka rangi upepo.

Mpita Mitaani

Naomba kutofautiana kidogo na Fundi, si kwa makutano bali kwa jinsi alivyoipita mitaa ya ndani kimyakimya. Mtaa wa ndani huwa kichochoro pale tu unapomzungusha mtu. Mwaka 1977 mji wa Groningen, Uholanzi, uligawa katikati yake katika sehemu nne: gari halikuweza tena kutoka sehemu moja kwenda nyingine moja kwa moja, bali lilipaswa kutoka nje hadi barabara ya mzunguko na kuingia upya, huku waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wakikatiza katikati. Siku hizi mji huo hutajwa miongoni mwa miji inayoongoza duniani kwa matumizi ya baiskeli. Kazi kubwa pale haikuwa kumwaga lami, ilikuwa kuamua nani apite wapi.

Katika mji wa kilomita sita, nguzo chache zilizowekwa mahali panapofaa huondoa magari yanayotumia mtaa kama njia ya mkato, na mkazi bado anafika kwake kwa gari. Nguzo moja iwe ya kufunguka kwa ajili ya zimamoto na gari la wagonjwa. Mwendo ukishushwa hadi kilomita 30 kwa saa, mtaa kama huo hauhitaji njia ya pekee ya baiskeli. Ila nakubali kwamba maduka, shule na ofisi zikiwa kwenye barabara kuu, mitaa ya ndani haitoshi peke yake, maana safari huishia mlangoni, haiishii mtaa wa nyuma.

Gurudumu

Nachangia kidogo tu. Kagueni vifuniko vya mifereji ya maji ya mvua. Vyuma vyake vikilala kuelekea uelekeo wa safari, gurudumu jembamba huzama katikati yake na mtu huruka juu ya usukani. Vigeuzwe vikae kwa kukingama. Michoro ya wahandisi mara nyingi haivionyeshi.

Mleta mada

Nashukuru sana. Hofu iliyobaki ni ya wenye maduka, wanaosema kwamba maegesho yakipunguzwa wateja watakimbia.

Fundi wa Barabara

Msiwajibu kwa hotuba. Hesabuni magari yaliyoegeshwa mbele ya maduka asubuhi, mchana na jioni, mkiandika kila moja limekaa muda gani. Gari linaloshinda hapo kutwa nzima si la mteja, na nafasi lililoshika haimletei mwenye duka faida yoyote. Kisha chukueni ramani, mchore safari za kutoka kila mtaa kwenda shuleni, sokoni na hospitalini, na mweke alama kila mahali njia inapokatika. Sevilla, Hispania, ilijenga takriban kilomita 80 katika miaka michache kuanzia 2006, na waendesha baiskeli wakaongezeka mara kadhaa, kwa sababu vipande viliunganishwa vikawa mtandao mmoja. Alama zitakazorundikana mahali pamoja kwenye ramani yenu ndizo awamu ya kwanza.

Mleta mada

Tutaanza na ramani. Nikiangalia kwa haraka, makutano mawili ya karibu na shule yanaelekea kubeba alama nyingi kuliko barabara kuu yote, na katika rasimu hayajatengewa hata senti.