Maji ya baridi badala ya barafu kwa sangara, yatafaa?

MwaloniKirumba: Wakuu, kuna sangara kilo 100 wanakuja kutoka Ukerewe. Barafu bei juu. Tukiwajazia maji ya friji ya nyuzi 5 tutakosea? Na barafu ikitiwa kwenye maji mbona inaelea, wa chini watapoa kweli?

KemiaTu: Mtakosea, mkuu. Molekuli ya maji imepinda, pembe yake nyuzi 104.5. Oksijeni inavutia elektroni kwake, kwa hiyo upande wake una chaji hasi kidogo, wa haidrojeni chanya, na haidrojeni ya hii hushikana na oksijeni ya jirani. Mshiko huo si mchezo: haidrojeni salfaidi (gesi inayonuka kama yai bovu) ina molekuli nzito kuliko maji, lakini mshiko wake dhaifu, inachemka nyuzi 60 chini ya sifuri! Kuyeyusha kilo 1 ya barafu ni kuvunja sehemu ya mishiko hiyo. Inameza kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha joto) huku ikibaki nyuzi 0. Kilo ya maji yenu ikipanda kutoka 5 hadi 10 inameza 21 tu.

FundiFriza: Hesabu: samaki anatoa kama kilojuli 3.5 kwa kilo kwa kila nyuzi. Kumshusha kutoka 26 hadi 0: 100 × 3.5 × 26 = 9,100. Gawa kwa 334, kilo 27 za barafu. Hapo bado joto linalopenya boksi njiani, na ndilo linalowaumiza wengi. Kwa jua letu weka kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Ponda barafu, mabonge yanaacha nafasi na kuchubua nyama. Tandaza chini, samaki, barafu, tena na tena. Waliotolewa utumbo jaza tumboni. Boksi liwe na tundu la kutolea maji.

MwaloniKirumba: Na kuelea je? Nikiongeza chumvi?

KemiaTu: Ndani ya barafu kila molekuli imeshikwa na jirani wanne, wakiwa wameachana nafasi. Lita 1 ya maji ikiganda inakuwa karibu 1.09, kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji na inaelea, na ndiyo maana chupa iliyojaa hupasuka kwenye friza. Ila maji ni mazito zaidi kwenye nyuzi 4, na hayo ndiyo yanayozama. Usipokoroga, samaki wa chini anakaa kwenye 4, si 0.

FundiFriza: Chumvi acha. Inashusha chini ya sifuri, na nyama ya samaki huanza kuganda karibu na −1. Ikiyeyuka inalegea na kuvuja maji.