Munajuaje mtoto mwenye ako karibu kuacha masomo?

Mwalimu wa Ndosho
Jambo wote. Nafundisha ya sita primere hapa Goma, Kongo, batoto ni wengi sana mu klasi, tangu primere iwe ya bure 2019 tunawapokea na madeski haitoshi. Mtoto anaanza kukosa siku za soko, kisha anarudi bila kaye (daftari), anakaa nyuma, hasemi, na trimestre ya pili haumuoni tena. Ninyi munawatambua namna gani mapema? Na mukisha kumutambua munafanya nini, juu kuandika jina mu karatasi tu haisaidii.

Mama Kadutu
Mwalimu, anzia kwa apeli, ile kuita majina kila asubui, inakuonyesha shida mbele pointi ianguke. Nilikuwa direktrise hapa Bukavu, kila Ijumaa naomba kaye ya apeli, mwenye amekosa mara tatu bila sababu tunatuma mtu kwao, si kumukaripia mzazi, kuuliza tu kuko nini. Mara nyingi unakuta mama ameenda soko ya mbali na binti njo anabaki na kabebe, ama kijana anasukuma chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, wapate kula. Moja alikuwa haoni ubao, maskini! Tulimuweka mbele na pointi ikapanda.

Bahati G.
Mama anasema kweli. Kule Chicago watafiti wa chuo kikuu walionyesha 2005 kwamba mwanafunzi mwenye kumaliza vizuri mwaka wa kwanza wa sekondari yao ana nafasi zaidi ya mara 3.5 ya kumaliza shule kwa wakati kuliko mwenye ameanguka. Na Marekani, mtoto akikosa 10% ya siku za masomo wanamuhesabu ako hatarini, hata kama alipewa ruhusa.

Baba Esther
Na wale wa sekondari wenye munafukuza juu ya minervale, pesa ya masomo? Mtoto wangu walimusoma jina mbele ya klasi yote siku ya interogasio, sasa anaona haya kurudi. Jamani, muite mzazi! Mtoto hana franka.

Mwalimu wa Ndosho
Pole sana baba. Asante mama, Ijumaa naanza na apeli. Ila wangu wengi ni wakimbizi wa vita, wanahama hama, sijui hata nyumba zao.

Mama Kadutu
Uliza mwenye anakaa naye deski moja, wale wanajua yote. Mutume amupelekee kaye, atakuletea habari. Na uchukue namba ya jirani ao ya shangazi tangu siku ya kuandikisha.