Ushauri: saa ya otomatiki ya kuvaa na suti, Longines au Nomos?

Wakili wa Upanga
Ndugu wanajamvi, natafuta saa ya otomatiki yenye heshima, isiyo na mbwembwe, nitakayoivaa na suti mahakamani siku za kazi na kuiacha kabatini Jumamosi na Jumapili. Nimebakiwa na mbili: Longines Master Collection ya milimita 40, na Nomos Tangente neomatik 39 inayotengenezwa Glashütte, Ujerumani. Mkono wangu ni mwembamba. Ipi itanifaa?

Bin Forodhani
Usitazame kipenyo peke yake. Pima kutoka ncha ya juu hadi ya chini ya zile pembe zinazoshika mkanda, maana zikipita ukingo wa mkono, saa huonekana ya kuazima. Tangente ina pembe ndefu zilizonyooka, kwa hiyo huonekana kubwa kuliko kipimo chake. Sifa yake ni wembamba: mashine ya DUW 3001 ina unene wa milimita 3.2 tu, ingawa ina rota, yaani kile kipande kinachozunguka mkono ukisogea na kuijaza saa nguvu, na saa hupita chini ya shati bila kukwama.

Fundi Mstaafu
Ndugu wakili, umejijibu uliposema utaivua Ijumaa. DUW 3001 ikijaa hutembea takriban saa 43, hivyo Jumapili mchana utaikuta imesimama. Longines yenye mashine ya L888 hufikisha saa 72, na Jumatatu asubuhi utaivaa ikiwa bado inatembea. Ila anayeshinda mezani huwa haijazi vya kutosha, kwa hiyo Ijumaa jioni itie ufunguo kwa mkono. Na kwa kuwa Longines hiyo ina tarehe, ikisimama usiirekebishe tarehe mishale ikiwa kati ya saa tatu na saa tisa usiku, kwani meno ya kubadilishia siku huwa yameshikana na unaweza kuyavunja.

Mama Mikocheni
Mume wangu anayo Longines hiyo. Kwa jasho la Dar es Salaam, nunua mkanda wa ngozi wa akiba uwe unabadilisha. Ukitawadha ivue, si kwa ajili ya mashine bali ngozi, ambayo ikilowa mara kwa mara hunuka. Maandishi ya kustahimili maji mita 30 yasikudanganye ukaogelea nayo.

Wakili wa Upanga
Nashukuru sana. Nimeelemea Longines, nitaijaribu dukani nikiwa na shati la kazi.

Bin Forodhani
Waulize na ile ya milimita 38.5 ya mkusanyo huohuo.